Kuchi Hafugwi na Mtu Mmoja

Jogoo wa kuchi akipita njiani, hata mtu asiyejua lolote kuhusu kuku humwona kuwa si wa kawaida. Miguu yake ni mirefu na minene, shingo imenyooka, kifua kimejitokeza mbele, mdomo ni mfupi na umepinda. Upanga wake ni mdogo na umelala kichwani, hauna yale meno marefu tunayoyaona kwa majogoo wengine. Manyoya ni machache na yamebana mwili, hata wekundu wa ngozi huonekana shingoni na kifuani. Kuanzia Lamu na visiwa vyake hadi mikoa ya Kanda ya Ziwa kule Tanzania, ndege huyu hufugwa kwa fahari, na bei ya jogoo mzuri hupita mbali bei ya jogoo wa kienyeji wa kawaida. Nina jambo moja la kusema juu yake leo, na ningependa tulipime pamoja kwa hesabu na kwa ushahidi. Kuchi anastahili kufugwa uani kwa sababu ni mzuri, na uzuri huo ni sababu ya kutosha. Lakini jinsi wengi wanavyomfuga, kila nyumba na jogoo wake mmoja, kila mtu akijivunia wa kwake na kumnyima jirani mbegu, ndiyo njia ya kumpoteza. Kuchi akibaki, atabaki kwa sababu watu kadhaa wa mtaa au kijiji kimoja wamekubali kumfuga kama kundi moja lililogawanywa katika nyua nyingi.

Kwanza tumjue ni nani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, na wenzao wamekuwa wakiwapima kuku wa asili wa Tanzania tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, nao wameonyesha kwamba kuku hao si aina moja. Kuna ching'wekwe mwenye miguu mifupi, kuna kuku wa Unguja na wa Pemba, kuna wale wa wastani wa Morogoro, na kuna kuchi, ambaye jogoo wake aliyekomaa hupita kilo 2 na nusu. Mwaka 2013 Lyimo na wenzake, wa Tanzania na Ujerumani, walichapisha utafiti wa aina hizo tano kutoka mikoa minane. Walipima maumbo ya kuku, kisha wakachunguza alama 29 za vinasaba. Vinasaba viligawa kuku hao katika makundi matatu: wale wa mashariki na kati mwa Tanzania bara, wale wa visiwa vya Zanzibar, na kuchi wa Kanda ya Ziwa peke yao. Kwa maneno mengine, kuchi si kuku wa kawaida aliyelishwa vizuri akarefuka. Ni ukoo wake mwenyewe. Watafiti hao walipofuatilia upande wa akina mama, kwa kile kinasaba ambacho kifaranga hukirithi kwa mama tu, waligundua kwamba kuchi wengi wako katika kundi moja ambalo awali lilikuwa limeonekana kwa kuku aina ya Shamo katika jimbo la Kochi, kisiwa cha Shikoku, Japani. Hitimisho lao ni kwamba kuchi aliingia Tanzania katika kipindi kisicho cha mbali sana, akitokea upande wa Asia. Shamo wenyewe waliingia Japani kutoka Siam, Thailand ya leo. Tunazungumza basi juu ya ndege aliyevuka bahari mikononi mwa watu, bandari hadi bandari, na watu hao hawakumbeba kwa ajili ya mayai, maana hatagi sana. Walimbeba kwa sababu walimpenda.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapokuja, nalo ni zito. Mtu atauliza: mama mwenye ua mdogo, mwenye watoto wanaohitaji mayai na ada ya shule, ana haja gani na kuku wa fahari anayekula sana na kutaga kidogo? Pumba na mahindi si bure. Swali hili linastahili heshima. Kama ua una nafasi ya kuku watano tu na mayai yao ndiyo mboga ya nyumba, basi wafugwe wale wanaotaga. Lakini nyua nyingi zina nafasi ya kuku kumi au kumi na watano, na katika hao wawili au watatu huwa wapo bila mpango wowote, jogoo wa ziada, mtetea mzee asiyetaga. Nafasi hiyo ndiyo ninayoizungumzia. Tena tusiwe wepesi kudhani kwamba kinachofugwa kwa ajili ya macho hakina kazi. Kuku wa kishingo, ambaye wengi humcheka kwa shingo yake tupu, ana manyoya pungufu mwilini kwa kiasi cha asilimia 20 hadi 40, na kwa sababu hiyo hutoa joto vizuri zaidi. Wataalamu wa nchi za joto wamelisomea sana jambo hilo. Kilichoonekana kichekesho kilikuwa dawa ya jua kali.

Na kwa jamii ya kuku kama kuchi, yule mrefu mwenye kifua kipana aliyetoka Asia, historia imetupa mfano ambao kila mlaji wa kuku anapaswa kuujua. Mwanzoni mwa karne ya 19 watu wa Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, walichanganya kuku wa kupigana wa India aitwaye Asil na kuku wa kupigana wa kwao. Walitaka mpiganaji. Walichopata ni ndege mwenye nyama nyingi kifuani kuliko kuku yeyote wa zama zao, lakini mzito mno kwa ulingo. Akabaki mikononi mwa wapenzi wa kuku, watu waliomfuga kwa sababu ya umbo lake na kumpeleka kwenye maonyesho. Zaidi ya miaka 100 baadaye, Marekani ilifanya shindano la kumtafuta kuku bora wa nyama wa siku zijazo. Fainali ya mwaka 1948 ilichukuliwa na mfugaji wa California, Charles Vantress, kwa kuku aliyechanganya damu ya huyohuyo Cornish na ya New Hampshire. Tangu hapo damu ya Cornish imo katika kuku wa nyama wa dunia nzima, wakiwamo wale weupe wanaouzwa sokoni Kariakoo na Kongowea. Kama wapenzi wale wa Cornwall wangeambiwa waache upuuzi wafuge kuku wa mayai tu, na wakatii, Vantress asingekuwa na jogoo wa kumtumia. Sisemi kwamba kuchi atageuka kuwa kuku wa namna hiyo. Ninasema hakuna anayeweza kujua leo ni sifa ipi ya kuku yupi itakayotafutwa miaka 50 ijayo, na kwamba mpaka siku hiyo ifike, kinachomweka ndege hai ni mapenzi ya mtu anayemlisha.

Wapo wanaosema kazi hii tuiachie serikali na maabara. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa mwaka 2007 ripoti yake ya kwanza kuhusu mbari za mifugo duniani, ikaonya kwamba katika miaka michache iliyotangulia dunia ilikuwa imepoteza karibu mbari moja ya mifugo kila mwezi. Mwaka huohuo nchi zilikutana Interlaken, Uswisi, zikakubaliana mpango wa hatua. Benki za mbegu ni sehemu ya mpango huo, nami naziunga mkono. Lakini kwa kuku zina kikomo kinachotokana na maumbile. Mbegu ya jogoo inaweza kugandishwa kwenye baridi kali na kuhifadhiwa kwa miaka. Yai la kuku haliwezi. Na kwa ndege, tofauti na ng'ombe, mwenye kubeba kromosomu inayoamua jinsia ni jike. Kwa hiyo ukihifadhi mbegu ya majogoo peke yake, ukaja kuitumia kwa mitetea wa aina nyingine, utakaribia kumrudisha kuchi, lakini hutampata mzima: kile cha upande wa mama kitakuwa kimekwenda. Na kumbuka ni kipi kilichotuonyesha kuwa kuchi ana undugu na kuku wa Kochi. Ni kilekile cha upande wa mama. Zipo mbinu mpya za kuhifadhi chembe changa za uzazi kutoka kwenye kiinitete, na Taasisi ya Roslin karibu na Edinburgh imefanya kazi kubwa juu ya hilo, ila ni kazi ya maabara ya gharama, yenye wataalamu na umeme usiokatika. Mtetea anayeatamia chini ya uchaga wa mahindi hahitaji hayo. Hata Japani, ambako kuku wa mkia mrefu wa Kochi, yule mwenye mkia wa mita kadhaa, alitangazwa mwaka 1952 kuwa urithi maalumu wa asili wa taifa, tangazo la serikali halikumlisha ndege. Analishwa na wafugaji, nyumbani kwao.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi tunapopotea bila kujua. Mwaka 1931 mwanasayansi wa Marekani, Sewall Wright, alionyesha namna ya kupima kundi la wanyama kwa nguvu yake halisi ya uzazi badala ya vichwa. Chukua idadi ya majogoo, zidisha kwa idadi ya mitetea, zidisha tena kwa 4, kisha gawa kwa jumla yao. Ua wenye jogoo 1 na mitetea 9 unakupa 36, ukigawa kwa 10 unapata 3.6. Maana yake kuku 10 wale wanazaana kana kwamba hawafiki hata 4. Kila kizazi, kundi hilo hupoteza takriban asilimia 14 ya tofauti za vinasaba zilizomo ndani yake, kwa sababu vifaranga wote ni watoto wa baba mmoja, na mwakani ndugu watazaana na ndugu. Kuku huzaa kizazi kipya kila mwaka. Baada ya vizazi 5 zaidi ya nusu ya utajiri ule umekwenda. Mfugaji hatauona ukipotea. Ataona mayai mengi hayaanguliwi, vifaranga wanazaliwa dhaifu, mitetea wanapunguza kutaga, naye atasema kuchi ni kuku mgumu kufuga. Ugumu huo, kwa sehemu kubwa, tumeutengeneza wenyewe.

Mtu mwenye uwezo atadhani tiba ni kuongeza kuku. Hebu tumpe kuku 100, majogoo 2 na mitetea 98, kama ilivyo desturi ya mwenye kutaka vifaranga wengi. Hesabu inatoa chini ya 8. Amelisha kuku 100 na bado hajaondoka mbali na pale alipokuwa yule wa kuku 10. Sasa wagawe haohao 100 katika nyua 10 za majirani, kila ua majogoo 2 na mitetea 8, na kila mwaka majogoo wapya wahame kutoka ua mmoja kwenda mwingine. Majogoo ni 20, mitetea 80, na hesabu inatoa 64. FAO hushauri kundi lisishuke chini ya 50, kiwango ambacho hupoteza asilimia 1 kwa kizazi. Nyua 10 zimekivuka. Hakuna aliyenunua kuku zaidi wala kujenga banda kubwa. Gunia la chakula ni lilelile, ila limegawanywa. Kwangu mimi hii ndiyo habari kubwa kuliko zote kuhusu ufugaji wa kuku adimu: tajiri mmoja hawezi kuifanya vizuri kazi ambayo watu kumi wa kawaida wanaweza kuifanya kwa pamoja.

Namna ya kuifanya si ngumu, ila inataka uaminifu. Nyua hupangwa kwa mzunguko. Kila mwaka ua wa kwanza unatoa mapora wawili kwenda wa pili, wa pili unatoa kwenda wa tatu, hivyo hivyo hadi wa mwisho unaorudisha kwa wa kwanza. Mitetea hawatoki, binti hubaki alipozaliwa kuchukua nafasi ya mama yake. Kwa mpango huo hakuna jogoo anayepanda dada zake, na kila ua unabaki na ukoo wake wa kike. Kifaranga wa siku moja hutobolewa tundu dogo kwenye utando wa kati ya vidole vya mguu, kila ua na alama yake, au akikua hufungwa pete ya rangi, na daftari likaandikwa: mama nani, baba nani, alitotolewa lini. Daftari hilo ni la muhimu kuliko banda. Jambo la kuangalia mwanzoni ni asili ya kuku wenyewe. Kama nyua zote 10 zimenunua kwa mtu mmoja, mzunguko utakuwa wa ndugu tangu siku ya kwanza, na hesabu ya 64 itakuwa ya karatasi tu. Watafutwe kutoka sehemu tofauti. Hata hivyo nisingependa kuona kuchi wa Lamu na kuchi wa Kanda ya Ziwa wakimiminwa pamoja mara moja. Wameishi mbalimbali, kila mmoja katika hali yake ya hewa. Kila eneo liimarishe wake kwanza.

Pingamizi la pili huja kutoka kwa watu wenye nia njema kabisa, maofisa ugani wakiwamo. Wanasema siku hizi kuna kroila na saso, kuna kuku walioboreshwa na taasisi za utafiti, na chotara wa kuchi mwenyewe ni mzuri sana, mzito kuliko mama yake wa kienyeji na mgumu kuliko kuku wa kisasa. Kwa nini basi kung'ang'ania kuchi safi? Kuhusu chotara wanasema kweli, na hakuna ubaya kumpandisha jogoo wa kuchi kwa mitetea wa kienyeji ili kupata nyama ya kuuza. Lakini nguvu ile ya chotara wa kwanza hutokana na wazazi wawili wasiofanana. Wakizaana chotara kwa chotara, hupungua. Mwaka ambao hakutakuwa na kuchi safi, hakutakuwa tena na chotara wa kwanza wa kuchi. Mwenye kuupenda mchanganyiko ndiye mwenye haja kubwa ya kulinda pande zote mbili za mchanganyiko. Na kuna hatari isiyoonekana kwa haraka. Jogoo mmoja anaweza kuzaa na mitetea wengi wa aina yoyote, kwa hiyo damu yake inaenea kijijini upesi na watu wanadhani kuchi wameongezeka. Kumbe kuchi safi huzaliwa na mtetea wa kuchi tu, na yeye, kwa jinsi anavyotaga kidogo, vifaranga wake kwa mwaka ni wachache. Akichanganywa na majogoo wa mtaani kwa sababu wa kwake ameuzwa kwa bei nzuri, mwaka huo wa uzazi umepotea kwa ukoo wake wote. Sifa zote hupewa jogoo, maana ndiye anayesimamisha watu njiani. Mtetea wa kuchi hutajwa mara chache, na anauzwa kwa urahisi akihitajika kitoweo cha mgeni. Uzito ungewekwa upande wa pili.

Lipo pia suala la kupiganisha, na hatuwezi kulikwepa, kwa kuwa historia ya kuku huyu imefungamana nalo. Kuna watu wanaomtaka kuchi kwa ajili ya ulingo na kamari, na kuna watu wema wanaomchukia kwa sababu hiyohiyo. Kenya inayo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inayokataza kupiganisha wanyama. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Mimi nasimama upande wa sheria hizo bila kusita. Kumtazama kiumbe akitobolewa macho kwa ajili ya dau ni jambo linalomharibu anayetazama. Wanaotetea ulingo husema bila mapigano kuku atalegea na kupotea. Ushahidi unakataa. Uingereza ilipiga marufuku mapigano ya majogoo mwaka 1835. Miaka 10 baadaye, mwaka 1845, yalifanyika maonyesho ya kwanza ya kuku katika bustani ya wanyama ya London, na majogoo wa jamii ya wapiganaji wakapata mahali pa kusifiwa bila damu. Mbari yao ipo hadi leo, karibu karne 2 baada ya marufuku. Kilichohitajika kilikuwa uwanja mwingine wa fahari. Kwetu uwanja huo si wa kubuni kutoka hewani: maonyesho ya Nanenane huko Tanzania na maonyesho ya kilimo ya Kenya tayari hushindanisha ng'ombe na mbuzi. Kuweka pale daraja la kuku wa asili, likiwa na kuchi, kishingo, kidimu na bukini, na kumpa tuzo mwenye kundi zuri lenye daftari sahihi, kungembadilisha mfugaji kuliko hotuba yoyote. Na tuzo hiyo ingetolewa kwa kundi lenye jogoo na mitetea wake, si kwa jogoo peke yake.

Ukali wake kwa majogoo wenzake, hata hivyo, haufutwi na sheria. Mapora wa kuchi huanza kuumizana mapema, na kuwaacha pamoja baada ya miezi mitatu au minne ni kujitafutia majeraha. Ndiyo maana kila ua katika mzunguko unahitaji vizimba viwili vilivyotengana, visivyoonana ikiwezekana, kila jogoo na mitetea wake wanne. Uchaga wa kulalia uwe chini, kwani ndege mzito akiruka kutoka juu huumia miguu na nyayo. Vifaranga wa kuku wa jamii hii huchelewa kuota manyoya, kwa hiyo wanahitaji joto na ukavu kwa muda mrefu kuliko wenzao, hasa msimu wa masika. Na mayai ya kuchi ni vyema yakawekewa koo wa kienyeji mwepesi, mlezi mzuri, ili mama mwenyewe asiyavunje kwa uzito wake na apate kurudi kutaga mapema. Hapa ndipo kuku wa kawaida na kuku wa fahari wanapofaana katika ua mmoja, na yule mama tuliyemtaja awali ana sababu ya kuwa na wote wawili.

Lililobaki ni ugonjwa, na hili ndilo pingamizi ambalo ningelitilia maanani kuliko yote, kwa sababu mzunguko wa majogoo unaweza kuwa mzunguko wa mdondo. Mdondo ukiingia katika kuku wasiochanjwa unaweza kuua karibu wote ndani ya siku chache. Kwa mwenye kuku wa kawaida hiyo ni hasara ya fedha. Kwa mwenye kuchi ni mwisho wa ukoo wa kike uliotunzwa kwa miaka. Chanjo ipo. Ile iitwayo I-2 ilitengenezwa Australia kwa kuwafikiria kuku wa vijijini, kwa kuwa inastahimili joto kuliko chanjo nyingine, na hutolewa kwa tone moja jichoni kila baada ya miezi 3 hadi 4. Nyua zote za mzunguko zichanje siku moja, kuku wote, wa fahari na wa kawaida, kwa maana virusi havichagui. Jogoo anayehama achanjwe wiki chache kabla, kisha atengwe kwa wiki 3 mahali pake kabla ya kukutana na wenyeji, na mtu anayemlisha aoshe mikono na viatu. Mwenye wasiwasi bado anaweza kuhamisha mayai badala ya jogoo, kuyaatamisha kwa koo wake na kuchagua mapora miongoni mwa watakaototolewa. Hatari haiishi kabisa, na ndiyo sababu ya nyua kuwa 10 na kutofuga kuku wote 100 penye ukuta mmoja. Ua mmoja ukipigwa, tisa zingine zina damu ileile ya majogoo iliyozunguka, na mitetea wawili watatu wakitolewa kwa jirani aliyepoteza, mwaka unaofuata anarudi mzungukoni.

Kwa anayenisikiliza akitaka kuanza, basi, fedha yake isiishie kwa jogoo. Anunue mitetea kwanza, watatu au wanne, kutoka kwa wafugaji wawili tofauti, na amuulize kila muuzaji maswali ambayo soko halijazoea kuulizwa: mama wa mtetea huyu yuko wapi, anaonekana, na alipandwa na jogoo gani? Asiyeweza kumwonyesha mama anauza umbo tu, na umbo la kuchi chotara naye analo. Jogoo wa mwaka wa kwanza anaweza kuazimwa kwa mwenzake kwa makubaliano ya vifaranga, kama watu wanavyopeana ng'ombe wa kukamua. Wakipatikana watatu wenye mitetea wa namna hiyo katika mtaa, mzunguko mdogo unaweza kuanza msimu huohuo, na nafasi ya ua wa nne iachwe wazi kwenye daftari.